Mstari wa 212

Mwisho wa kila mwezi, kabla sijaja mimi,
Skaidrīte alikesha.
Madirisha ya ofisi ya maziwa, hapa Rēzekne,
yalivaa barafu kwa ndani,
naye akinakili, tarakimu baada ya tarakimu,
kutoka hifadhidata yenye herufi za kijani
kwenda kwenye jedwali lililopauka,
rula ya mbao chini ya mstari
asije akampa Pēteris maziwa ya Valija.
Siku tatu. Wakati mwingine nne.
Chai ilipoa, akainywa hivyo hivyo.

Nikaletwa mimi, kijana wa cheti na mkoba mpya.
Nikajenga kiolezo: nembo juu kushoto,
vichwa vya safu kwa wino mzito,
tarehe inayojijaza yenyewe,
na chini kabisa jumla, yenye mistari miwili
kama alivyoipiga yeye kwa kalamu.
Kisha nikaandika makro.
Fungua. Uliza. Chukua. Mimina.
Panga kwa kijiji. Chapa. Funga.
Rudia mpaka wafugaji waishe.

Sekunde kumi na moja.
Nilizihesabu kwa saa ya ukutani, mbele ya meneja,
printa ikitema kurasa arobaini
zenye joto kama mikate.
Meneja akapiga makofi.
Skaidrīte akasema, "Haya,"
akaifuta rula yake kwa kitambaa
akaitia mkobani.
Aprili akastaafu.

Mei, sawa. Juni, sawa.
Novemba mashine ikagoma.
Kisanduku kidogo katikati ya kioo:
haiwezekani kugawanya kwa sifuri.
Mstari wa mia mbili na kumi na mbili.
Maziwa ya mwezi, gawanya kwa idadi ya ng'ombe;
wastani haupatikani,
kwa kuwa ng'ombe hakuna.

Dawa niliijua. Kila mwanafunzi anaijua:
ikiwa ni sifuri, ruka.
Amri moja tu,
na ripoti ingepita kama maji.
Vidole vilikwisha kaa juu ya vibonye.

Sijui kwa nini niliinuka.
Nikafungua kabati, nikatoa ripoti za zamani,
zile za mkono wake,
nikaona kitu ambacho sikukihamisha.
Pembezoni, kwa penseli, herufi kama sisimizi:
"Kiwele kimevimba, daktari amepigiwa."
"Mwanawe yuko Dublin, hatumi kitu."
"Ana deni la nyasi, asikatwe mwezi huu."
"Hapokei simu. Nimekwenda."
Nimekwenda.
Kilomita kumi na nane, Januari.

Na mimi pembezo niliiona nafasi tupu,
nikaibana hadi sentimita moja
ili ukurasa upendeze.

Mia mbili na kumi na mbili ni Broņislavs Zeps.
Simu ililia mara tisa.
Ikaja sauti ya mtu
aliyekaa siku nyingi bila kuitumia.
"Nimewauza wote wawili," akasema. "Mguu."
Halafu: "Skaidrīte yuko wapi?"
Nikamwambia amestaafu.
Akanyamaza, nikasikia jiko lake likipasua kuni.
"Ripoti yenu niliipata," akasema.
"Nzuri sana. Imenyooka."

Sasa makro ina amri mpya.
Ikiwa ni sifuri, simama.
Ikiwa maziwa yamepungua nusu, simama.
Paka seli rangi ya manjano,
leta namba ya simu,
ngoja mtu.
Pembezo nimeirudisha, sentimita nne,
na penseli ninayo, imefungwa kwa uzi kwenye printa.

Meneja analalamika: zile sekunde kumi na moja
zimekuwa dakika arobaini,
na Februari, siku nzima.
Nimemwambia ni hitilafu.
Bado naitafuta.